MAWASILIANO YA SETILAITI KWA MWANGA WA LEZA: YAPI YATAFAA VISIWANI NA YAPI HAYATAFAA

Jumapili ya tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, yaani EASSy na Seacom, zilikatika katika sehemu iliyo baina ya Msumbiji na Afrika ya Kusini. Athari zake zilienea katika nchi nyingi za ukanda huu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Kazi za maofisini zinazotegemea intaneti zilizorota, na wenye jamaa zao ng'ambo wakashindwa kuonana nao kwa simu kama walivyozoea.

Tukio kama hilo huzusha suala ambalo ni la haki na linastahiki jawabu. Ikiwa setilaiti za siku hizi zinazungumza zenyewe kwa zenyewe kwa mwanga wa leza, na habari inapita juu kwa juu kutoka bara moja hadi jengine, je, visiwa bado vina haja ya kutegemea waya uliolala kwenye matope ya bahari, unaoweza kukatwa na nanga ya meli au mporomoko wa ardhi?

Jawabu kwa ufupi ni kwamba leza imeleta manufaa makubwa huko juu, baina ya setilaiti na setilaiti. Lakini kutoka juu hadi kwenye paa la ofisi au nyumba, kazi bado inafanywa na mawimbi ya redio. Na kwa wingi wa habari zinazopitishwa, waya wa baharini haujapata mshindani. Yafaa wananchi na watumishi wa Serikali wazijue sababu zake, kwani asiyezijua anaweza kukikataa kitu chenye faida au kukinunua kisichomfaa.

Leza si ngeni

Watu wa mwambao wanajua tangu zamani kuwa mwanga hupeleka habari. Mnara wa Chumbe uliojengwa mwaka 1904 una kazi moja tu, nayo ni kumjuulisha nahodha mahali alipo. Lakini mwanga wa taa ya kawaida hutawanyika kila upande, na ndani yake mna rangi nyingi zilizochanganyika. Leza ni mwanga wa namna nyengine. Rangi yake ni moja, mawimbi yake huinuka na kushuka kwa pamoja mithili ya hatua za askari wa gwaride, na mwale wake huenda masafa marefu bila ya kutanuka sana. Leza ya mwanzo iliwashwa Marekani na Theodore Maiman tarehe 16 Mei, 1960, naye alitumia kijiti cha yakuti nyekundu iliyotengenezwa kiwandani.

Fikra ya kupeleka maneno kwa mwanga imeitangulia leza kwa miaka 80. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell, yule yule mwenye sifa ya simu, alitumia mwanga wa jua mjini Washington. Sauti ya msemaji iliutikisa kioo chembamba kilichokuwa kikiurejesha mwanga huo, nayo ikasikika upande wa pili, umbali wa mita zaidi ya 200. Bell alikithamini sana kifaa chake hicho, lakini hakikupata kuenea kama ilivyoenea simu ya waya.

Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kuwa waya wa baharini wenyewe ni njia ya leza. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na habari zote zinazopita humo ni mwanga wa leza unaowashwa na kupunguzwa mabilioni ya mara kwa sekunde. Kila anayepeleka picha kwa simu yake kwenda Muscat au London ameshaitumia leza, ajue asijue. Tena leza nyingi za setilaiti zina wimbi lile lile linalotumika sana katika nyuzi hizo, lenye urefu wa kadiri ya nanomita 1,550. Huo ni mwanga ulio nje ya wekundu ambao jicho la binadamu haliuoni.

Tofauti basi haiko katika mwanga, iko katika njia. Mwanga uliomo ndani ya kioo unahifadhiwa. Mvua, ukungu na vumbi haviufikii, ingawa kioo huupunguzia mwendo hadi kadiri ya kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwanga wa setilaiti hauna kinga yoyote. Ukiwa katika uwazi wa anga za juu hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, wala hakuna cha kuuzuia. Taabu huanza pale unapotakiwa kushuka chini.

Kwa nini mwanga badala ya redio

Zanzibar iliwahi kuwa na sehemu yake katika habari za anga. Katika mwaka 1960 yalifikiwa makubaliano ya kuweka Unguja kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya mpango wa Mercury, na kituo hicho kilikuwa kazini wakati John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari, 1962. Kilifungwa mwaka 1964. Mawasiliano yake na vyombo hivyo yalikuwa kwa redio, na tangu wakati huo redio ndiyo iliyobaki kuwa lugha ya setilaiti: za simu, za televisheni na za utabiri wa hali ya hewa.

Redio imefanya kazi nzuri, lakini ina mipaka miwili. Mpaka wa kwanza ni nafasi. Mawimbi ya redio yanayotumiwa na setilaiti za kisasa hutikisika kadiri ya mara bilioni 30 kwa sekunde. Mwanga wa leza uliotajwa hutikisika mara trilioni 193 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara 6,000 ya hayo, na kadiri mtikisiko unavyozidi ndivyo habari nyingi zaidi zinavyoweza kupachikwa. Isitoshe, masafa ya redio yamejaa. Kila nchi hugawiwa na kila kampuni huomba, na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano husuluhisha ili huyu asimwingilie yule. Kanuni za Redio za shirika hilo zinakomea gigahezi 3,000, na mwanga uko juu ya hapo. Hivyo mwale wa leza hauombewi masafa.

Mpaka wa pili ni kutawanyika. Chukua mfano wa mtambo uliopo mwezini unaopeleka habari duniani. Dishi la redio lenye upana wa sentimita 75 litatoa mwale ambao, ukifika hapa, umeshatanuka kadiri ya kilomita 5,000. Sehemu kubwa ya nguvu yake humwagika baharini na majangwani pasipo na wa kuipokea. Leza inayopitia darubini yenye upana wa sentimita 10 tu hutanuka kilomita 6 hivi kwa masafa hayo hayo. Kwa hesabu ya karibu zaidi, mwale kama huo huzidi upana wake kwa sentimita moja na nusu katika kila kilomita. Ukitupwa kutoka Forodhani hadi kisiwa cha Changuu utakuwa umeongezeka kiasi cha upana wa kiganja.

Katika wembamba huo mna faida ya siri pia. Anayetaka kuudukua mwale wa redio aweza kukaa popote ndani ya eneo kubwa ulilomwagikia. Mwale wa leza sharti auingilie kati.

Shabaha

Wembamba huo huo ndio mashaka yake. Dishi la redio likikosea kidogo shabaha yake bado husikia. Leza ikikosea hukosa kabisa. Setilaiti inayozunguka chini, kilomita 550 hivi kutoka ardhini, huenda karibu kilomita saba na nusu katika kila sekunde moja. Tuseme setilaiti moja inaielekea nyengine inayokatiza mbele yake umbali wa kilomita 3,000. Mwanga utachukua sehemu moja ya mia ya sekunde kufika. Katika muda huo mfupi setilaiti ya pili itakuwa imesogea mita 75, na ule mwale ukifika hautakuwa na upana wa zaidi ya mita 50. Anayeilenga setilaiti pale anapoiona ataipiga nyuma. Hapana budi alenge mbele yake, kama afanyavyo mvuvi mwenye mkuki anayemjua samaki aendako.

Juu ya hayo, chombo chenyewe hutetemeka kwa sababu ya magurudumu na injini zilizomo ndani yake. Kwa hiyo kwanza setilaiti moja huisaka nyenziwe kwa mwale, ikizunguka polepole katika eneo ambalo hesabu imeonesha kuwa iko. Ya pili ikiuona mwanga hujibu kwa mwale wake, na tangu hapo kila moja huirekebisha shabaha yake kwa vioo vidogo vinavyochezeshwa mara nyingi katika kila sekunde. Kazi hii ya kutafutana na kushikana ndiyo iliyochukua miaka mingi ya majaribio, kuliko hata leza yenyewe.

Majaribio

Wajapani walitangulia. Setilaiti yao ya ETS-VI iliyorushwa mwaka 1994 ilipeana mwanga na kituo cha Koganei, karibu na Tokyo, kwa kasi ya biti milioni moja kwa sekunde. Kasi hiyo leo ni ndogo kuliko ya simu ya mkononi, na setilaiti yenyewe haikufika katika njia iliyokusudiwa, lakini ilithibitika kuwa jambo linawezekana.

Habari ya Artemis, setilaiti ya Shirika la Anga la Ulaya, inastahiki kuelezwa zaidi. Ilirushwa tarehe 12 Julai, 2001, na roketi ikaiacha chini mno ya njia yake. Wengi wangeliihesabu kuwa imepotea. Wahandisi waliipandisha kwa injini zake hadi kilomita 31,000 hivi, kisha wakaisukuma taratibu kwa injini ndogo za umeme ambazo hazikuwekwa kwa kazi hiyo, mpaka ikawasili mahali pake Januari 2003. Lakini haikungoja kufika ndipo ifanye kazi. Mwezi wa Novemba 2001, ikiwa bado njiani, iliushika mwale wa SPOT-4, setilaiti ya Ufaransa ya kupiga picha za ardhi iliyokuwa ikizunguka kilomita zaidi ya 800 kutoka ardhini, ikaipokea picha kwa kasi ya biti milioni 50 kwa sekunde na kuishusha Toulouse. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza duniani picha kupitishwa kwa leza kutoka setilaiti hadi setilaiti.

Maana yake kwa kazi za kila siku ilikuwa kubwa. Setilaiti ya picha ilikuwa ikibeba picha zake mpaka ipite juu ya kituo chake ndipo ishushe, kama jahazi lisiloweza kupakua mpaka lifike gatini. Kwa njia ya leza humkabidhi mwenziwe aliye juu zaidi, naye huishusha pale pale. Tangu mwaka 2016 Ulaya imeufanya mpango huo kuwa huduma ya kudumu, na setilaiti za Sentinel, ambazo picha zao za mafuriko, misitu na bahari hutolewa bure kwa dunia nzima, zimeitumia kwa kasi ya biti bilioni 1.8 kwa sekunde.

Mwaka 2013 Wamarekani walipeleka habari kutoka kwenye chombo kilichokuwa kikiuzunguka mwezi kwa kasi ya biti milioni 622 kwa sekunde, na leza yake ilikuwa ya nusu wati, chini ya nguvu ya taa ndogo ya tochi. Mwaka 2023 kijisetilaiti chao kiitwacho TBIRD kilishusha biti bilioni 200 kwa sekunde hadi California. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo chombo cha Psyche, kikiwa umbali wa kilomita milioni 31, kilituma filamu ya paka akikimbiza nukta ya leza. Filamu ilifika baada ya sekunde 101, ikapokelewa kwa darubini ya Palomar yenye kioo cha upana wa mita 5. Walikuwapo walioona ni mzaha kutumia chombo cha gharama kama kile kwa ajili ya paka. Lakini lililokuwa likipimwa ni njia, na njia ilipitisha biti milioni 267 kwa sekunde kutoka mbali kuliko ulipo mwezi kwa mara 80.

Wingu

Sasa yatazamwe majina ya mahali vilipowekwa vituo vya ardhini: majangwa ya New Mexico, milima ya California, kilele cha Haleakalā huko Hawaii, na Tenerife. Yote hayo ni mahali pakavu au palipo juu ya mawingu. Wala hapakuchaguliwa kwa bahati. Wingu zito huuzima mwale wa leza kabisa, na hakuna ufundi wa darubini utakaouokoa, kwani kila tone la maji huurusha mwanga upande wake. Redio hupita, japo nayo hudhoofika katika mvua kubwa, kama wajuavyo wenye madishi ya televisheni ambao picha hukatika pale pale radi inapoanza.

Dawa iliyopatikana ni kuwa na vituo vingi vilivyotengana. Watu wa visiwa hivi hawahitaji kufunzwa hesabu hiyo, kwa vile huifanya kila mwisho wa Ramadhani. Wingu likiuficha mwezi mwandamo mjini, huenda ukaonekana Makunduchi, au Wete, au kwengineko kabisa. Setilaiti yenye vituo vitatu vya kushushia, kila kimoja katika hali yake ya hewa, ina tamaa kubwa ya kukipata kimoja kilicho wazi. Yenye kituo kimoja Unguja itakaa kimya siku nyingi za masika, kuanzia Machi hadi Mei, na nyengine za vuli. Lau kituo cha leza cha kuhudumia ukanda huu kitafikiriwa, mahali pake ni nyanda kavu za bara, kisha habari zifike visiwani kwa waya.

Kwa masafa mafupi wingu si tatizo, bali ukungu, vumbi na mvua. Mfano ulio karibu ni wa Mto Kongo. Brazzaville na Kinshasa zinatazamana, lakini waya baina yao ulilazimika kuzunguka kilomita zaidi ya 400 kwa sababu ya mto. Mwaka 2021 mradi wa Taara wa Marekani uliweka mitambo ya leza kuuvuka mto huo, masafa ya karibu kilomita 5, na katika siku 20 ikapitisha kadiri ya baiti trilioni 700, huku ikiwa kazini kwa asilimia 99.9 ya muda huo. Hapa leza haikwenda angani, lakini ni ile ile, na mwenye kufikiria visiwa vidogo visivyo mbali na vikubwa atauona umuhimu wake.

Mfano wa Tonga

Inayohusu visiwa zaidi ni leza inayobaki huko huko juu. Tarehe 15 Januari, 2022, volkano iliripuka chini ya bahari katika nchi ya visiwa ya Tonga, Bahari ya Pasifiki. Waya mmoja tu ulikuwa ukiiunganisha Tonga na dunia, nao ukakatika vipande vipande. Ilichukua wiki tano kuutengeneza. Kampuni ya SpaceX ya Marekani, yenye mtandao wa setilaiti wa Starlink, ilipeleka madishi 50, lakini madishi peke yake hayakutosha. Ilibidi kiwekwe pia kituo cha ardhini katika nchi jirani ya Fiji. Setilaiti nyingi za mtandao huo wakati ule hazikuwa na leza. Kila moja iliweza tu kupokea kutoka kwenye dishi la mwananchi na kushusha hapo hapo kwenye kituo kilicho ndani ya upeo wake, usiozidi kilomita elfu moja hivi. Pasipo na kituo karibu, setilaiti ilipita juu ya vichwa vya watu bila ya kuwafaa kitu.

Kwa leza hali hiyo imebadilika. Setilaiti iliyo juu ya bahari kuu huipokea habari kwa redio, huikabidhi kwa mwenziwe kwa leza, naye kwa mwengine, hata ikafika juu ya kituo kilicho nchi ya mbali, ndipo ikashuka, tena kwa redio. Kampuni hiyo ilianza kurusha kwa wingi setilaiti za namna hiyo mwaka 2021, na kufikia mwanzo wa 2024 ilikuwa na leza zaidi ya 9,000 angani, kila moja ikiwa na uwezo wa kufikia biti bilioni 100 kwa sekunde. Meli zilizo katikati ya Bahari ya Hindi hupata mawasiliano kwa njia hii. Katika jirani zetu, Rwanda, Msumbiji na Kenya zilifunguliwa huduma ya mtandao huo mwaka 2023.

Uwezo huo hata hivyo upimwe kwa waya. Waya wa 2Africa, unaolizunguka bara zima, umesanifiwa kupitisha hadi biti trilioni 180 kwa sekunde. Ile rikodi ya TBIRD ya biti bilioni 200 ingehitaji kuzidishwa mara 900 ili ilingane nao, na TBIRD ilikuwa ikionana na kituo chake kwa dakika chache tu kila inapopita. Setilaiti hugawana uwezo wake baina ya wote walio chini yake. Hospitali, bandari na benki chache zitasalimika kwa njia ya setilaiti siku ya msiba. Mji mzima hautasalimika.

Hofu ya mionzi

Pengine husikika dhana kuwa leza za setilaiti zitaunguza macho ya watu au mazao. Ifahamike kwanza kuwa dishi linalowekwa juu ya paa halitoi leza, linatoa redio. Pili, hata setilaiti inayoelekeza leza ardhini, mwale wake hufika ukiwa umeshatanuka. Wati moja ikitupwa kutoka kilomita 36,000 kwa darubini kama ile iliyotajwa, hutandaa katika duara lenye upana wa nusu kilomita na zaidi, na katika mita moja ya mraba hubaki sehemu chache za milioni za wati. Jua la saa sita mchana humwaga kadiri ya wati 1,000 katika mita hiyo hiyo. Penye haja ya hadhari ni kwenye vituo vya ardhini, vinavyorusha mwale wenye nguvu kwenda juu. Huko ndege ikikaribia mwale huzimwa.

Kabla ya ofisi kununua

Mkuu wa ofisi aletewaye pendekezo la huduma ya setilaiti yenye leza asiridhike na neno hilo. Aulize, dishi la ofisini litazungumza na setilaiti kwa nini? Akijibiwa kuwa ni kwa redio, basi ajue kuwa mvua kubwa ya masika bado inamhusu. Aulize habari zitashuka katika nchi gani, maana leza imewezesha barua ya ofisi kushuka nchi ambayo hata haikutajwa katika mkataba, na kumbukumbu za Serikali haziwi sawa na picha za harusi. Na aulize uwezo atakaopewa wakati wote wa jirani zake wanapotumia, si uwezo wa juu kabisa ulioandikwa kwenye karatasi.

Umeme nao usisahauliwe. Kuanzia Disemba 2009 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila ya umeme wa gridi kutokana na hitilafu katika njia ya kutoka Bara, na kabla ya hapo ilikosa kwa wiki kadhaa katika mwaka 2008. Setilaiti za leza zinaweza kuwa timamu huko juu na dishi likawa limekufa paani kwa kukosa umeme. Ofisi inayoweka akiba ya mawasiliano iweke pamoja nayo betri au jenereta, na iijaribu akiba hiyo angalau mara moja kwa mwaka katika siku ya kazi, mvua ikinyesha na waya ukiwa umechomolewa kwa makusudi.